Istilahi za Kupima Utokaji wa Hidrojeni: Uhakiki wa Mswada

Utangulizi

Mbele ya dawati la istilahi umeletwa mswada mfupi wa elektrokemia wenye vidahizo 38. Unahusu jambo moja tu, nalo ni uchaguzi wa mbinu za kupima mkondo wa umeme kadiri volteji inavyobadilishwa, kwa kusudi la kuchunguza jinsi hidrojeni inavyotoka katika maji au katika asidi. Waandishi wake ni walimu wa kemia. Jambo hilo peke yake linastahili shukrani, kwa kuwa kwa miaka mingi wanalugha wamewangoja wanasayansi, nao wanasayansi wamewangoja wanalugha, na wakati wote huo mwanafunzi amebaki mikono mitupu.

Tusianze, basi, kwa kudharau. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mojawapo ya majukumu yake lilikuwa kushirikiana na wataalamu wa fani mbalimbali katika kusanifu istilahi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu hapo mwalimu amekuwa na mahali pa kuanzia. Lakini kamusi ya masomo ya shule haiwezi kumsindikiza mtu hadi ndani ya maabara ya utafiti. Huko kuna pengo, na waandishi wa mswada huu wamejaribu kuliziba.

Hata hivyo, shukrani haiondoi wajibu wa kuhakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mswada imetafsiri maneno pasipo kutazama kazi ambayo maneno hayo yanaitaja. Katika istilahi za upimaji kosa la namna hiyo lina madhara makubwa kuliko katika istilahi nyingine, kwa sababu jina la mbinu ndilo agizo la kwanza analopewa mpimaji. Jina likipotosha, mkono nao utapotoka.

Jambo lenyewe ni lipi?

Kabla ya kuhukumu maneno yafaa tukitazame kitu chenyewe, na tukitazame mahali ambapo watu wetu wanakutana nacho. Tuchukue mfano wa Masagati, upande wa Mlimba, katika bonde la Kilombero. Mtu anapopeleka betri ya gari au ya sola kuchajiwa, fundi huifungua vifuniko, huiunganisha na chaja, na baada ya saa kadhaa husikia sauti ya mapovu. Hapo atamwambia mwenye betri, "Mama, betri imeshachemka, tuiongeze maji." Maneno hayo hayamo katika kamusi yoyote ya elektrokemia, lakini yanaeleza kwa ufupi mmenyuko ule ule unaoshughulikiwa na mswada.

Kinachotokea ni hiki. Betri ya volti 12 ina seli sita za risasi na asidi ya salfuri. Volteji ya kuchajia inapofika kiasi cha volti 14.4, yaani karibu volti 2.4 kwa kila seli, umeme haubaki na kazi ya kurudisha nguvu ya betri peke yake. Sehemu yake huanza kuyatenganisha maji. Kwenye vibamba hasi hutoka hidrojeni, kwenye vibamba chanya hutoka oksijeni. Maji hupungua, na ndiyo sababu ya kuongeza maji ya betri.

Lipo fumbo hapa ambalo kila mwanafunzi wa kemia angepaswa kuulizwa. Maji huweza kutenganishwa kwa volti 1.23 katika joto la nyuzi 25. Seli ya betri ina volti 2 na zaidi. Kwa nini basi betri iliyokaa rafuni haijitengi maji yake ikaisha yenyewe? Jibu ni kwamba risasi ni metali nzito sana katika kazi hii: hidrojeni haitoki juu yake mpaka iongezewe volteji nyingi kupita kile kiwango cha hesabu. Platini, kwa upande wake, huitoa hidrojeni kwa wepesi. Tukilinganisha mkondo wa metali hizo mbili pale mmenyuko unapokuwa katika mizani, platini huizidi risasi kwa karibu mara bilioni moja. Betri ya risasi inadumu kwa sababu ya uzito huo. Viwanda vilipochanganya antimoni katika vibamba ili viwe imara, uzito ulipungua, gesi ikaongezeka, na wenye betri wakalazimika kuongeza maji mara kwa mara. Vilipotumia kalisi mahali pa antimoni, zikapatikana betri zisizohitaji maji.

Kwa hiyo kuchunguza utokaji wa hidrojeni ni kuuliza swali moja lenye pande mbili. Atengenezaye betri anatafuta metali itakayokataa kuitoa hidrojeni. Atakaye kupata hidrojeni kutoka katika maji anatafuta metali itakayoitoa kwa volteji ndogo, isiyo na bei ya platini. Wote wawili hutumia vipimo vile vile. Ndivyo vipimo vinavyopewa majina katika mswada tunaouhakiki.

"Mageuko" hayafai

Kidahizo cha kwanza cha mswada ni "mmenyuko wa mageuko ya hidrojeni". Asili ya kosa hili inaonekana wazi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa mageuko ya viumbe ndilo linalotumika pia, tangu zamani, kwa gesi inapotoka katika kitu. Mfasiri amelikuta neno, akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza. Hakuuliza kama Darwin alikuwa na neno lolote la kusema juu ya betri.

Waandishi wanaweza kujitetea, na utetezi wao si wa kupuuzwa. Watasema kwamba ioni za hidrojeni hugeuka gesi, na kwa hiyo "mageuko" yana ukweli ndani yake. Tunajibu kwamba kila mmenyuko wa kemia ni mgeuko wa kitu kuwa kitu kingine. Chuma kinachopata kutu kimegeuka, maziwa yaliyoganda yamegeuka. Istilahi inayofaa kila mmenyuko haifai kuutambulisha mmenyuko mmoja. Isitoshe, neno hilo limekwisha kaa katika biolojia, na mwanafunzi atakayesoma "mageuko ya hidrojeni" atadhani anafundishwa historia ya hidrojeni tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Wapo waliopendekeza "uzalishaji wa hidrojeni". Neno ni zuri, lakini lina kazi nyingine. Hidrojeni nyingi duniani huzalishwa viwandani kutokana na gesi asilia, pasipo elektrodi yoyote. Uzalishaji ni shughuli ya kiwanda. Tunachokitafutia jina ni tukio linalotokea juu ya uso wa metali. Wengine wangependa "uchemkaji" kwa kuwafuata mafundi. Picha ya mapovu ni sahihi, lakini kuchemka ni habari ya joto, na kinachotoka maji yanapochemka ni mvuke wa maji yenyewe. Neno la fundi tulitunze kama mfano wa kufundishia, tusilifanye istilahi.

Tunapendekeza "utokaji wa hidrojeni", na kwa mfano wake "utokaji wa oksijeni". Kitenzi "toka" kinafahamika na kila mtu, kinataja kwamba gesi inaacha kitu na kwenda nje, nacho kina faida ya usalama. Hidrojeni ikifika asilimia 4 katika hewa huweza kuwaka. Mtu anayechajia betri kumi katika chumba kisicho na dirisha anapaswa kuonywa. Ukimwandikia ukutani "Hatari: mageuko ya hidrojeni", hataonyeka. Ukimwandikia "Hatari: hidrojeni inatoka, usiwashe moto", atafungua mlango.

Herufi moja iliyopotea

Jina la jumla la mbinu zote ambazo volteji hubadilishwa na mkondo ukapimwa limeandikwa katika mswada "voltametri". Kifaa cha kupimia volti kimeandikwa "voltamita". Waandishi hawakugundua, au hawakujali, kwamba kipo kifaa cha tatu.

Mwaka 1834 Michael Faraday aliutumia utokaji wa gesi kuwa kipimo cha umeme: aliyapitishia maji mkondo, akaikusanya gesi iliyotoka, na kwa ujazo wake akajua kiasi cha umeme kilichopita. Kifaa chake baadaye kiliitwa kwa jina linalotofautiana na lile la kipima volti kwa vokali moja tu. Katika lugha nyingine vokali hiyo huonekana. Sisi tukiyaswahilisha majina yote mawili kwa sauti, vyote viwili vitaitwa "voltamita". Kimoja hupima volti, kingine hupima kiasi cha umeme kwa gesi iliyotoka. Hapana fani ambayo mkanganyiko huu ungeleta hasara kubwa kuliko fani hii ya utokaji wa hidrojeni, ambamo vyote viwili vinaweza kuwekwa juu ya meza moja.

Shida ya "voltametri" ni ya namna hiyo hiyo. Katika Kiingereza neno hili huandikwa kwa herufi m mbili, kwa kuwa limeunganishwa kutokana na volti, ampea na upimaji. Ampea imebaki herufi chache tu. Tahajia yetu kwa kawaida hairudufu konsonanti katika maneno ya mkopo, na kwa hiyo ampea inatoweka kabisa: mwanafunzi anabaki na neno linalosema "upimaji wa volti", hali kinachopimwa ni mkondo. Waispania na Warusi walilikwepa shimo hili kwa kuiacha ampea nzima ndani ya neno lao. Nasi hatuna sababu ya kulitumbukia. Tunapendekeza "voltampeametri". Ni neno refu, tunakubali, lakini linataja vyote viwili, kinachobadilishwa na kinachopimwa, wala haligongani na jina la kifaa chochote. Kipima volti na kibaki "voltimita", kwa vokali ya "volti" tuliyokwisha izoea. Kile cha Faraday kiitwe kwa kazi yake, "kipimaumeme cha gesi".

"Mzunguko" uliobebeshwa kila mzigo

Hapa ndipo palipo na kosa kubwa zaidi katika mswada. Neno "mzunguko" limetumika mara nne, kwa maana nne. Njia nzima ya umeme kutoka chanzo hadi chanzo inaitwa "mzunguko". Mbinu ya kubadilisha volteji hadi kikomo na kuirudisha inaitwa "voltametri ya mzunguko". Elektrodi inayozungushwa na mota inaitwa "elektrodi ya mzunguko". Na idadi ya marudio ya kipimo inaitwa "mizunguko". Sasa mpe mwanafunzi agizo hili: "Fanya voltametri ya mzunguko kwa elektrodi ya mzunguko, mizunguko 20, kisha kagua mzunguko." Asipoanguka kwa kizunguzungu atakuwa hodari.

Suala hili linagusa uchaguzi wenyewe wa mbinu. Katika mbinu ya pili hakuna kinachozunguka. Volteji inakwenda na kurudi kwa njia ile ile, kama pantoni ilivyokuwa ikienda na kurudi kati ya Ifakara na ng'ambo ya Ulanga kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018. Hakuna aliyesema kwamba pantoni inazunguka. Katika mbinu ya tatu, kinyume chake, kitu kinazunguka kweli: elektrodi inasokotwa mara mamia au maelfu kwa dakika ili iyafukuze mapovu ya hidrojeni yanayong'ang'ania usoni pake na kuletewa ioni mpya kutoka katika myeyusho. Anayechunguza hidrojeni huihitaji sana elektrodi hiyo, kwa sababu povu lililokwama hufunika uso wa metali na kuupunguza mkondo, na mpimaji atadhani metali yake ni mbaya.

Mswada unaongeza "kufagia volteji", kwa tafsiri ya neno kwa neno. Volteji haifagiwi. Inapitishwa kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa mwendo sawa. Tunapendekeza "mpitisho", na kutokana nalo tuunde jamii nzima: "voltampeametri ya mpitisho mmoja" kwa ile inayokwenda upande mmoja tu, "voltampeametri ya kwenda na kurudi" kwa ile inayorudi, na "kasi ya mpitisho" kwa milivolti zinazobadilika kila sekunde. Elektrodi yenye mota iitwe "elektrodi ya kisahani kizungukacho". "Mzunguko" ubaki kwa njia ya umeme peke yake, mahali ulipokwisha zoeleka.

Majina yaongoze uchaguzi

Msomaji anaweza kuuliza: je, majina haya yatamsaidia mpimaji kuchagua? Tunaamini yatamsaidia, na tutaonyesha kwa mifano.

Anayetaka kujua metali yake ni nyepesi au nzito kiasi gani katika kutoa hidrojeni huhitaji mpitisho mmoja, tena wa polepole, aghalabu kati ya milivolti 1 na 5 kwa sekunde, ili mkondo upate nafasi ya kutulia katika kila kiwango. Kutokana na mchoro huo hupatikana uhusiano alioutangaza Julius Tafel mwaka 1905: kila volteji ya ziada inapoongezwa kwa kiasi fulani, mkondo huzidishwa mara kumi. Kiasi hicho ndicho mteremko wa Tafel. Katika joto la kawaida, na pale uso wa metali unapokuwa haujajaa hidrojeni, ukiwa karibu milivolti 120 hudhaniwa kwamba hatua nzito ni ioni kupokea elektroni na kunata usoni mwa metali. Ukiwa karibu 40, hatua nzito ni ioni ya pili kuungana na hidrojeni iliyonata. Ukiwa karibu 30, ni hidrojeni mbili zilizonata kuungana zenyewe. Mpitisho ukiwa wa haraka, mkondo wa kuujaza uso umeme huchanganyika na mkondo wa mmenyuko, na mteremko unaopatikana si wa kutegemewa.

Mswada umeitafsiri volteji inayozidi kiwango cha hesabu kuwa "volteji ya kupita kiasi". Hapana budi tupinge. "Kupita kiasi" katika Kiswahili ni lawama. Mtu huambiwa amelewa kupita kiasi. Fundi atakayesoma hivyo atadhani chaja imeharibika. "Volteji ya ziada" haina lawama, na inasema kweli: hii ni bei inayolipwa juu ya bei ya hesabu.

Mbinu ya kwenda na kurudi ina kazi nyingine. Huitumia mpimaji kuusafisha na kuutayarisha uso wa elektrodi kabla ya kipimo, kutazama kama uso umebadilika baada ya kipimo, na, kwa kuirudia kwa kasi mbalimbali mahali pasipo na mmenyuko, kukisia eneo la uso unaofanya kazi. Kwa platini ndani ya asidi huonyesha hata hidrojeni ikinata na kubanduka kabla gesi haijatoka. Lakini asiyeelewa atatafuta katika mchoro wake vilele, kwa kuwa fomula maarufu ya mwaka 1948 ya Randles na Ševčík inahusu vilele. Katika utokaji wa hidrojeni ndani ya asidi kali hapana kilele cha kutafuta: mkondo hupanda tu, na mapovu yakapanda pamoja nao.

Mbinu za mipigo, ambazo mswada umezipa nafasi ya mbele, ni hodari katika kutambua vitu vilivyo vichache sana ndani ya myeyusho, mathalani chembe za madini ya sumu katika maji ya kunywa. Kwa mkondo mkubwa wa hidrojeni si za kwanza kuchaguliwa. Neno "mpigo" lenyewe tunalikubali; ni nafasi yake katika mswada tunayoikosoa.

Ipo pia polarografia, iliyobuniwa na Jaroslav Heyrovský huko Prague mwaka 1922 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Hiyo hutumia tone la zebaki. Mswada unaipendekeza kwa uchunguzi wa hidrojeni bila ya onyo. Lakini zebaki ni nzito kama risasi katika kuitoa hidrojeni, na uzito huo ndio uliomwezesha Heyrovský kuziona metali nyingine pasipo kusumbuliwa na gesi. Mtu anayetafuta metali nyepesi akatumia zebaki ni sawa na mtu anayetafuta mbegu itakayoota upesi akaipanda juu ya mwamba.

Mwisho, kudumu kwa elektrodi hakujulikani kwa mpitisho. Hujulikana kwa kuishikilia volteji mahali pamoja na kuutazama mkondo kwa saa nyingi. Mswada umeandika "kronoampeametri" bila ya maelezo. Tunalikubali neno, ila lifuatwe na ufafanuzi: "upimaji wa mkondo kwa wakati, volteji ikiwa imeshikiliwa".

Elektrodi tatu

Vipimo hivi vyote hutumia elektrodi tatu, na majina ya zote tatu katika mswada yana kasoro. "Elektrodi ya kazi" haisemi lolote, kwa kuwa hakuna elektrodi iliyo likizoni. Iitwe "elektrodi chunguzwa". "Elektrodi ya marejeo" inakumbusha orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu. Kazi yake ni kuwa kipimo thabiti cha kulinganishia volteji, basi iitwe "elektrodi linganishi".

Ya tatu imeitwa "elektrodi pinzani", na hapa mswada umeficha hatari. Elektrodi hii haipingi. Inaikamilisha njia ya umeme. Watu wengi hutumia waya wa platini. Kipimo kinapoendelea kwa muda mrefu ndani ya asidi, platini kidogo huweza kuyeyuka, ikasafiri na kutua juu ya elektrodi chunguzwa. Metali hafifu itaonekana kuwa hodari, na mtafiti atashangilia ugunduzi ambao ni platini ya jirani. Ndiyo maana hushauriwa kutumia fimbo ya grafaiti. Tunapendekeza "elektrodi mwenza", na katika ufafanuzi wake iandikwe wazi kwamba mwenza huweza kumwambukiza mwenzake.

Kadhalika "fidia ya ukinzani" haifai. Fidia hulipwa aliyedhulumiwa. Mpimaji hamlipi mtu. Anaondoa katika hesabu volteji iliyopotea njiani ndani ya myeyusho. "Sahihisho la ukinzani" latosha.

Hitimisho

Pengine wapo watakaosema kwamba shughuli hii ni ya anasa, kwamba bonde la Kilombero linahitaji mbolea kabla ya istilahi. Tungewakumbusha kwamba mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa amonia, na amonia kwa hidrojeni. Huko Aswan, Misri, kiwanda kilichoanza mwaka 1960 kilipata hidrojeni yake kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa mto Nile. Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilitumia njia hiyo hiyo kwa miongo kadhaa hadi mwaka 2015. Kenya ilitangaza mkakati wake wa hidrojeni mwaka 2023. Sisi tuna maporomoko: kituo cha Kidatu chenye megawati 204 na kile cha Kihansi chenye megawati 180 vyote vinapakana na bonde hilo la mpunga. Hatusemi kiwanda kitajengwa kesho. Tunasema kwamba siku mjadala wa kiwanda utakapofika, mkulima wa Masagati na kijana wake aliyesomea kemia wanastahili kuujadili kwa lugha moja.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, sambamba na kuimarisha Kiingereza. Sera hutoa ruhusa, haitoi maneno. Maneno hutengenezwa na watu wawili wakiketi pamoja. Faraday mwenyewe, alipohitaji majina mwaka 1834, alimwandikia William Whewell wa Cambridge, bingwa wa lugha za kale, akamweleza kwa makini jinsi mkondo unavyopita. Whewell alisikiliza kwanza, kisha akampa anodi, yaani njia ya kupandia, na kathodi, yaani njia ya kushukia. Maneno hayo yameishi kwa sababu yalitanguliwa na maelezo ya kazi.

Kwa hiyo hatupendekezi mswada utupwe. Tunapendekeza urudishwe kwa waandishi wake pamoja na mapendekezo haya, kila kidahizo kiongezewe sentensi moja inayosema mpimaji afanye nini, na kabla ya kusanifiwa usomwe na watu wa aina mbili: mwalimu anayefundisha maabara, na fundi anayechaji betri. Istilahi ambayo wote wawili wataielewa haitakuwa na haja ya kutetewa na Baraza.